Madam wa Mvua

Jumatatu, 5 Mei 2025

Mvua milimita 11.4.

Kitabu rasmi cha kituo cha hali ya hewa cha shamba la chai kina safu ya maoni yenye upana wa vidole viwili. Kwa miaka saba nimeandika humo "ngurumo mchana" au "ukungu hadi saa nne", na sijui kama kuna mtu amewahi kuisoma. Leo nimenunua daftari hili Litein, kwa sababu jambo lililotokea asubuhi haliwezi kuenea kwenye vidole viwili.

Mtu alikuja kwenye ua. Wanaokuja hapa huuliza kama itanyesha, nikiwajibu wanaenda. Huyu aliuliza jina langu. Ni Jennifer Nyathira, mwalimu wa sayansi katika shule iliyo chini ya kiwanda cha chai. Anafundisha Gredi ya Tisa. Mwezi ujao watoto hao watachagua mkondo wa kusomea sekondari ya juu, na wasichana karibu wote wanaikimbia sayansi.

"Ukutani nina mabango ya wanasayansi," alisema. "Wazungu sita wenye ndevu. Mtoto wa mchuma chai ataangalia hizo ndevu aone nini?"

Anataka kuwaletea watu watatu wasiofanana, wanaoishi huku huku. Amempata Mokaya, fundi wa boila ya kiwanda, aliyechuma chai mpaka miaka thelathini na tano ndipo akarudi kusoma. Amempata Antony, mtaalamu wa maabara kutoka upande wa Longisa, ambaye hasikii tangu utotoni. Sasa anatafuta mwanamke.

"Mimi napima mvua tu," nikamwambia.

"Na mawe. Nimesikia unapima mvua ya mawe."

Nikakubali. Nadhani nilikubali kwa sababu aliendelea kusimama pale hata baada ya maneno kwisha.

Jumanne, 6 Mei

3.2. Hakuna la kuandika.

Jumatano, 7 Mei

0. Nimemtumia bosi ripoti ya wiki kwa simu. Ameisoma. Hajajibu.

Alhamisi, 8 Mei

6.0. Nimepiga pasi shati la kesho. Mara mbili.

Ijumaa, 9 Mei

9.6 asubuhi, kisha jua.

Nimetoka shuleni. Watoto ni thelathini na saba. Nilibeba kipima mvua cha ziada na lile bao langu la mawe: kipande cha povu gumu kama linalofungiwa televisheni, kimefunikwa kwa foili ya jikoni. Mawe yakianguka yanaacha vishimo, nami navipima kimoja kimoja, kwa hiyo najua ukubwa wa kila jiwe hata likishayeyuka. Niliwaambia ni sehemu chache sana duniani zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi kama vilima vyetu hivi. Hawakuamini. Walidhani ni kawaida, kila mtu hupigwa.

Niliwaambia pia kwamba mkebe wowote ulionyooka pande zote unaweza kupima mvua. Uweke mahali pa wazi, ingiza rula, soma milimita.

Halafu maswali. Msichana mmoja mrefu wa dawati la nyuma, anaitwa Cheptoo, aliinua mkono.

"Madam, siku ya Krismasi nani husoma mvua?"

"Mimi."

"Na ukiwa mgonjwa?"

"Mimi pia. Lazima isomwe saa tatu kamili asubuhi, kila siku."

"Na nyumbani unakaa na nani?"

Mwalimu alianza kumkataza, lakini nilikuwa nimeshajibu. "Na redio."

Wakacheka. Nikacheka pia. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nikiyarudia maswali yao kwa sauti. Jioni nilipika chapati, na nilipomaliza niliona nimepika za watu wanne.

Jumapili, 11 Mei

14.8. Dada yangu Esnah alipiga simu kutoka Nyamira. Mtoto wake wa pili ameanza shule. Huyo nimemwona kwenye picha tu.

Ijumaa, 16 Mei

2.4. Nyathira alinialika nimsikilize Antony, nikaenda.

Alikuja na mkewe, ambaye humtafsiria ishara za mikono. Alileta hadubini moja. Hakuhutubu. Aliwapanga mstari, kila mtoto akachungulia chembe za damu, na kila aliyetoka pale Antony alimfundisha ishara ya "damu" na ishara ya "nimeona". Mwisho wa kipindi darasa zima lilikuwa kimya, linaongea kwa mikono na kucheka bila sauti. Mkewe alikosea kutafsiri neno fulani, Antony akamtania kwa vidole, wakacheka wote wawili kwa namna ambayo sisi wengine hatukuielewa.

Nilisimama karibu na mlango. Nilikuwa namwangalia mke kuliko hadubini.

Jumanne, 20 Mei

21.0. Ukungu siku nzima. Sikuongea na mtu.

Jumatano, 21 Mei

17.2. Vilevile.

Ijumaa, 23 Mei

5.5.

Naandika haya usiku; yalitokea saa kumi. 

Nilienda shuleni kuchukua kipima mvua nilichowaachia. Nyathira alikuwa ameitwa ofisini, nikamngoja darasani. Juu ya meza yake kulikuwa na vikaratasi. Sikuvitafuta, vilikuwa wazi. Alikuwa amewauliza wanafunzi, bila majina: kati ya wageni watatu, maana Mokaya naye alishakuja, ungependa kuwa kama nani, na kwa nini.

Nilivihesabu kama ninavyohesabu vishimo kwenye foili. Antony ishirini na moja. Mokaya kumi na tano. Kimoja kilisema "Hakuna."

Sikupata hata kimoja.

Wengi hawakunitaja kabisa, na hao nawashukuru. Lakini baadhi walieleza. "Madam wa mvua hana watoto." "Anaongea kama amechoka." "Hana rafiki wa kumtania." Kile kilichosema "Hakuna" kilikuwa na mwandiko wa herufi zilizosimama wima, na chini yake: "Kazi ya Madam wa mvua ndiyo nzuri kuliko zote. Lakini sitaki kuwa kama yeye. Amebaki peke yake pale kama nguzo ya ua."

Nyathira aliingia akanikuta nimekishika.

"Ungeniambia," nikasema.

"Ningekuambia nini, Moureen?"

"Kwamba nimewatisha."

Aliketi kwenye dawati la mwanafunzi. Yeye pia, kama mimi wa Nyamira, ni mgeni huku. Watu wake walitoka Nyeri wakafungua duka Kericho, na shuleni walimu wengine wakiongea Kikipsigis chumbani mwao yeye hubaki akisahihisha vitabu. "Nilifikiri wakiiona kazi, itatosha," alisema. "Sikujua kwamba mtoto anamwangalia mtu mzima hivyo, kuanzia kichwani hadi jikoni kwake."

Nilichukua kipima mvua changu nikaondoka. Alinifuata hadi langoni, akashika lile lango.

Kinachoniuma si kwamba wamekosea. Nina miaka thelathini na minne. Nilipoajiriwa nilikuwa mwanamke pekee katika idara, na wanaume walingoja nishindwe. Nikajiapiza kwamba hakuna siku itakayoandikwa "haikusomwa". Nilikosa mazishi ya shangazi. Nilikosa harusi ya Esnah, nikafika saa tisa watu wakikunja viti. Kila mara niliona fahari. Leo watoto thelathini na saba wameiangalia ile fahari na kuona nguzo.

Jumamosi, 24 Mei

0.

Jumapili, 25 Mei

0. Esnah alipiga. Sikupokea.

Jumatatu, 26 Mei

8.6.

Alhamisi, 29 Mei

4.0. Nyathira ametuma ujumbe, anauliza kama niko salama. Nimemjibu "Niko sawa".

Jumamosi, 31 Mei

12.6.

Hapana. Hapa nitaandika kweli. Leo asubuhi sikuamka. Nilikuwa macho, nikaiona saa tatu inafika kwenye simu, nikaiangalia ikipita. Mvua ilinyesha kati ya saa nne na saa tano, nikaisikia juu ya bati. Nilitoka saa tano na dakika kumi, nikasoma 12.6, nikaandika kitabuni kwamba ni kipimo cha saa tatu. Kisha nikakiandika kwenye ubao wa langoni, ambako mameneja hupita kukisoma.

Miaka saba, na huu ndio uongo wa kwanza. Nimeshangaa ulivyo mwepesi.

Jumatatu, 2 Juni

1.8. Siku ya mapumziko kwa ajili ya Madaraka.

Cheptoo alikuja uani. Alisimama nje kwa muda mrefu, mpaka nikatoka. Alikuwa na daftari la hesabu mkononi.

"Madam, samahani. Nafikiri mkebe wangu umeharibika."

Ameweka mkebe wa kakao juu ya kisiki nyuma ya nyumba yao, kule kwenye nyumba za wafanyakazi. Siku za shule huumwaga tu asubuhi; Jumamosi, Jumapili na sikukuu anaupima saa tatu, halafu anapita kwenye ubao wetu kulinganisha. Alinifungulia ukurasa. Namba zake zilifuatana na zangu kwa karibu sana, kasoro za nusu milimita, hadi juzi.

"Jumamosi mimi niko na sufuri," alisema. "Nyinyi mko na kumi na mbili nukta sita. Jumapili mimi niko na kumi na mbili, nyinyi mko na sufuri. Nimeangalia kama mkebe unavuja. Hauvuji."

 Nilijua jibu rahisi lipo: mkebe wa kakao si kifaa, mtoto amekosea siku. Angelikubali. Angerudi nyumbani akiamini kwamba macho yake ndiyo mabaya.

"Mkebe wako ni mzima," nikamwambia. "Mimi sikusoma saa tatu. Nilisoma saa tano, mvua ikiwa imeshanyesha. Niliandika uongo."

Hakutabasamu wala hakuonekana kushtuka. Aliuliza, "Kwa nini?"

"Sikutaka kuamka."

"Ulikuwa mgonjwa?"

"Hapana."

Akafikiri. "Sasa itafanywa nini?"

Nikamfungulia lango, nikamleta ofisini, nikakitoa kitabu. Nilimwonyesha jinsi tunavyosahihisha: hufuti, hupaki rangi nyeupe. Unachora mstari mmoja ili namba ya kwanza iendelee kusomeka, unaandika lililotokea kando yake, unatia sahihi. Safu ya maoni haikutosha, nikaendelea pembezoni: "Kipimo cha tarehe 31 hakikusomwa kwa wakati kwa uzembe wa msomaji. Kwa mujibu wa kipimo cha mwanafunzi Cheptoo, mvua ya siku hiyo ilinyesha baada ya saa tatu." Aliona jina lake likiandikwa. Akaomba alisome tena.

Alipokuwa anaondoka alisimama mlangoni. "Ile karatasi ya nguzo, ni mimi niliandika. Mwalimu alituambia uliziona."

"Nilijua mwandiko ule ni wa mtu anayepima vitu," nikasema.

"Pole, Madam."

"Usiseme pole. Ulisoma ulichokiona."

Nimempigia bosi na kumweleza. Alikasirika, ameniandikia barua ya onyo. Ni mara ya kwanza mwaka huu kuniandikia zaidi ya mstari mmoja.

Jumamosi, 7 Juni

10.2. Cheptoo alikuja, yake 10. Tukanywa chai. Haongei sana. Aliniuliza kwa nini mawe hayaanguki usiku mara nyingi kama mchana, nikamwambia joto la mchana ndilo linalosukuma hewa juu. Aliandika.

Jumamosi, 14 Juni

Naandika kwa urefu. Mikono inanuka majani ya chai yaliyopondwa, kama shamba zima linavyonuka.

Saa nane na nusu wingu lilitokea upande wa Sotik, jeusi chini na la kijani kibichi katikati. Cheptoo alikuwa hapa. Nilitoa bao jipya, tukalifunga kwenye kigingi, tukakimbilia kibanda cha vifaa. Kwanza jiwe moja juu ya bati. Kisha mengine matatu. Kisha hatukuweza kusikiana. Kwa dakika kumi na tatu, kwa saa yangu, ulimwengu wa nje ulikuwa mweupe.

Yalipokoma tulitoka na ndoo. Cheptoo aliokota jiwe kubwa kama limau dogo, nikalikata kwa kisu chenye moto kama nilivyofundishwa. Ndani lina duara ndani ya duara, barafu ya kioo na barafu ya maziwa.

"Ni kama kitunguu," alisema.

"Kila duara ni safari. Limepandishwa juu likaganda, likashuka likalowa, likapandishwa tena."

Akahesabu. "Limejaribu kuanguka mara tano."

Alisema hivyo akiwa amelikodolea macho, na nikaona kwamba hanioni kabisa, mimi wala upweke wangu wala shati langu. Aliliona jiwe tu. Nilikuwa hivyo hivyo nilipokuwa na miaka yake, Nyamira, nikiwa na jiwe kwenye kikombe cha mama.

Kisha akainua kichwa akatazama shamba. Majani yalikuwa yamekatwakatwa, matawi yamebaki kama vidole. "Baba alikuwa anachuma huko chini," alisema, akaanza kukimbia na ndoo mkononi.

Hatukuwa tumefika langoni tulipomwona anakuja. Kipngeno, babake, ni mtu mfupi, mpole, nimemwona mara nyingi akipita na wachumaji wengine. Alikuwa amejifunika kichwa kwa kikapu cha chai, na mkono wa kushoto umevimba. Alipoona binti yake ni mzima alisimama kabisa. Kisha akaona ndoo ya mawe.

"Mimi nakutafuta nyumba kwa nyumba," alimwambia, "na wewe unachezea hii kitu imetuharibia kazi."

"Baba Cheptoo, kosa ni langu," nikasema. "Nilipaswa kumrudisha nyumbani nilipoliona wingu."

Akanigeukia. Hakupaza sauti. "Madam, mimi sikatai masomo. Lakini huyu mtoto alikuwa na marafiki. Sasa Jumamosi ni mkebe, Jumapili ni mkebe. Mama yake alituacha akiwa mdogo, mimi peke yangu ndiye niko naye. Akisoma hii yako, atabaki na nani?"

Ningeweza kumpa maneno ya mabango. Nilisimama kwenye barafu ile, viatu vinalowa.

"Sijui," nikamwambia. "Lakini nitakuambia ninalolijua. Hii kazi inanitaka saa tatu asubuhi, dakika kumi. Nilijiambia inanitaka siku nzima. Zile saa zingine niliitolea mwenyewe, haikuniomba. Antony ana kazi ngumu kuliko yangu na nyumbani kwake wanacheka. Mtoto wako akiipenda sayansi si lazima apende na maisha yangu."

 Cheptoo alikuwa amemshika ule mkono uliovimba, anaugeuza polepole, anauangalia kwa makini. "Umepigwa na la sentimita tatu hivi," alimwambia.

Kipngeno alimtazama binti yake, akaishiwa na hasira. "Twende nyumbani," akasema. Alipofika mbali kidogo aligeuka. "Kongoi, Madam, asante kwa kumweka ndani."

Jumapili, 15 Juni

38.4, pamoja na barafu iliyoyeyuka. Vishimo 212 kwenye bao. Sehemu yote ya chini haitachumwa kwa wiki kadhaa. Wachumaji wamepelekwa kupalilia. Nimevipima vishimo vyote peke yangu, na kila nilipofika kumi niliinua macho kumtafuta mtu wa kumwambia.

Jumanne, 17 Juni

0.6. Nimemwandikia bosi kuomba msomaji wa akiba, mtu wa kushika zamu nisipokuwepo. Miaka saba sikuwahi kuomba. Amejibu baada ya saa moja: "Ulikuwa unangoja nini?"

Ijumaa, 27 Juni

7.0. Nyathira alikuja na chupa ya chai, tukaketi kwenye ngazi ya ofisi. Uchaguzi wa mikondo umekamilika. Wasichana kumi na mmoja wamechagua sayansi. Mwaka jana, kwenye zoezi la kujaribu kuchagua, walikuwa watatu tu. Mmoja anasema atakuwa fundi wa boila.

"Na Cheptoo?"

"Sayansi. Babake alikuja mwenyewe kutia sahihi, mkono umefungwa bandeji." Alimimina chai. "Nilimuuliza Cheptoo ni mgeni yupi aliyemvuta. Akasema hakuna, ni mawe."

Nilicheka mpaka chai ikamwagika. Baadaye, alipokwisha kwenda, niligundua kwamba nilikuwa nimetamani kidogo ataje jina langu. Nimeliandika hapa ili lisinisumbue.

Jumatano, 9 Julai

2.2. Baridi kali. Nyamusi, karani wa ofisi ya shamba, ameanza kufundishwa kuwa msomaji wa akiba. Anainama vibaya, anasoma maji kutoka juu.

Jumamosi, 19 Julai

0. Cheptoo alimwona Nyamusi akisoma, akamwambia, "Anti, macho yako yawe sawa na maji." Nyamusi alinitazama kuona kama nitamkaripia mtoto. Sikumkaripia. Alichuchumaa vizuri.

Jumamosi, 26 Julai

Nyamira. Sijui imenyesha kiasi gani.

Nilifika saa tano bila kutoa habari. Esnah alikuwa anaanika nguo. Aliganda, akauliza nani amekufa. Nikamwambia hakuna, nimekuja kuwaona. Hakuniamini mpaka nilipovua viatu.

Mtoto wake wa pili alinisalimia kwa kunipa mkono, kama anavyosalimiwa mgeni wa kanisani, akamuuliza mama yake kwa Ekegusii huyu ni nani. Esnah akamwambia ni anti yako. Akaniangalia kwa muda, akalinganisha na picha iliyo ukutani, akasema picha haifanani. Nilimwambia ni kweli, ile ni ya zamani. Mchana kutwa alikaa ng'ambo ya chumba akinichunguza. Sikumlazimisha kusogea.

Tulimenya ndizi. Esnah alinisimulia habari za majirani ambao siwajui, na akichoka kunieleza nani ni nani aliendelea tu. Jua lilipoanza kushuka alinifungia parachichi kwenye mfuko na kuliweka karibu na mlango, maana mimi siku zote huondoka kabla ya giza.

"Gari lako ni la saa ngapi?" akauliza.

"Narudi Jumatatu," nikasema.

Alisimama na kitambaa mkononi. Kisha akaingia chumba cha ndani, nikamsikia akifungua sanduku moja baada ya jingine akitafuta shuka, kwa sababu hakuwa amewahi kunitandikia kitanda.